Saa Iliyojua Mwezi wa Pili

Mimi saa nilizipenda kabla sijajua kuzisoma. Wenzangu walipenda vitenge, wengine shanga, wengine waume za watu. Mimi ukinionyesha saa ya mfukoni, ile ya mviringo yenye mnyororo wake, basi umenimaliza. Shule nilikaa miaka miwili tu, wa tatu mama akajifungua mapacha nikarudishwa nyumbani kubeba. Lakini namba nilikuwa nimezikamata, na herufi nazijua moja moja, kama mtu anavyojua kuku wake.

Ya kwanza ilikuwa ya baba. Baba alikwenda kuchimba shaba ng'ambo ya mpaka, akarudi na baiskeli, blanketi na saa. Baiskeli iliibwa, blanketi likaliwa na panya, saa ikabaki. Sasa baba hakuiweka kama Wazungu wanavyoweka. Mzungu, jua likichomoza mshale wake uko kwenye sita, halafu wewe ugeuze kichwani useme kumi na mbili. Baba akasema huo ni upumbavu, saa ni yangu, itasema maneno yangu. Akaizungusha. Jua likitoka, mshale uko kumi na mbili. Saa moja uko kwenye moja, saa mbili uko kwenye mbili. Mdomo na saa vinasema neno moja. Ndivyo nilivyofundishwa, na saa zangu zote za baadaye niliziweka hivyo hivyo. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Halafu ukaja wakati wa ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa. Kabla ya hapo duka lilikuwa rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Sabuni unapanga foleni, chumvi unapanga foleni. Mara ghafla pale sokoni Sumbawanga kila kitu kipo: mitumba, redio, sufuria za kung'aa, na saa za plastiki zenye taa, nyingine zinaimba kabisa. Wazee wetu waliokwenda kuchimba shaba kama baba wakaanza kuona aibu na saa zao za mnyororo. Wajukuu wanawauliza, "Babu, hiyo ni saa au kopo la tumbaku?"

Wakawa wanazileta kwangu, maana walijua ugonjwa wangu. Moja niliichukua kwa jogoo. Moja kwa debe la ulezi. Nyingine mwenyewe aliniachia kwa pombe aliyokwisha kunywa, na kesho yake akaja kuniuliza kama nimeiona saa yake. Zikafika nne pamoja na ya baba. Naziweka kwenye kopo la majani ya chai, nimezifunga kila moja na kitambaa chake, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nazitia ufunguo, krr, krr, krr, moja baada ya nyingine.

Mzee wangu, mume wangu huyo, alikuwa anakaa kitandani ananitazama.

"Mke wangu, wenzako wanafuga mbuzi."

"Mbuzi anakula mahindi ya watu, tunashtakiwa. Hizi zinakula nini?"

"Zinakula akili yako."

Tunacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, yule.

Wakati huo tunakaa upande wa Mpui, na mimi nilikuwa nimefua nguo misheni miaka mingi. Pale misheni kulikuwa na Bruda mmoja, mtawa, Mzungu mzee, fundi wa kila kitu: mashine ya kusaga, paa la kanisa, meno ya msumeno. Kifipa chake kizuri kuliko cha wanangu. Huyo Bruda ndiye aliyekuwa na saa yenyewe. Baba yake huko kwao alikuwa tajiri, alipokufa saa ikamfuata mtoto aliyekuwa fukara wa Mungu, na wakubwa wake wakamruhusu abaki nayo kwa ajili ya kupigia kengele.

Jamani, saa. Ya dhahabu, nzito kama yai la bata. Unabonyeza juu, kifuniko kinafunguka chenyewe kama mdomo wa mtu anayetaka kukuambia siri. Ndani uso mweupe, na kwenye ule uso kuna vijiuso vingine vidogo. Kimoja kinasema tarehe. Kimoja kinasema siku ya wiki, kwa lugha ya kwao, lakini nilijifunza kwa kutazama: yenye herufi ya nyoka ni Jumamosi, yenye herufi ya D ni Jumapili. Kimoja kinasema mwezi wa ngapi. Na chini, dirisha dogo, ndani yake anga la bluu lenye nyota, na mwezi wa dhahabu unatoka upande mmoja, unanenepa, unazama upande wa pili. Mwezi mzima wa mbinguni, umefungiwa kwenye kitu cha kuweka mfukoni. Kina mama wenzangu wa kufua walikuwa hawasogei pale. Walisema huo ni uchawi uliobatizwa.

Na nilikuwa sijaambiwa bado lile kubwa. Siku moja, mwisho wa mwezi wa pili, Bruda akaniita akanionyesha. Jana tarehe ishirini na nane, leo saa imeruka yenyewe, iko kwenye moja. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja, imezipita zote kwa usiku mmoja.

"Bruda, nani ameiambia?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndani kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka minne. Limechongwa mashimo, mengine mafupi mengine marefu, kila mwezi na shimo lake, na mwezi wa pili ndio wenye shimo refu kuliko yote. Ule mwaka wa nne, wenye siku moja ya nyongeza, shimo lake limepunguzwa kidogo. Kwa hiyo saa inajua hata huo. Niliondoka pale na beseni la nguo kichwani, nafikiria gurudumu linalongoja miaka minne lizunguke mara moja. Hata tembo hana mimba ya hivyo.

Bruda akazeeka, miguu ikavimba, akaitwa kwao. Siku anafunga sanduku nilikwenda kumuaga, na sikuona haya, nilimwomba. Nilisema, Bruda, mtampa nani saa? Akaitoa mfukoni. Akasema, "Miaka yote hii, ni wewe tu uliyewahi kuniuliza inafanyaje." Akanitia mkononi. Akaniwekea na pini yake, ile ya kubonyeza vitundu vya pembeni kama tarehe au mwezi umekosea.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Usiiache isimame. Na hii pini, usiitumie kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku. Wakati huo magurudumu yameshikana yanabadilisha siku. Ukibonyeza, unavunja jino."

"Usiku nisiguse."

"Usiku usiguse."

Nikaapa. Na kiapo hicho nilikishika, Mungu shahidi.

Nilipofika nyumbani, kazi ya kwanza nikaizungusha mishale, saa sita mbele, isome kama saa za baba. Mgeni akifika kwangu anakula ninachokula. Na tangu siku ile tarehe ikawa inabadilika jioni, jua linapozama. Niliona. Nilifikiri nini? Nilifurahi! Nikamwambia mzee wangu, unaona, hata saa ya Kizungu ikikaa na watu inajifunza. Kwani sisi usiku wa Jumanne si tunauita usiku wa kuamkia Jumatano? Siku yetu inaanza na giza. Saa imeelewa.

Hakuna aliyeniambia vingine, kwa sababu hakuna aliyejua.

Basi nikawa mtu mkubwa. Watu walikuwa wanakuja kwangu kuuliza tarehe, kama wanavyokwenda kisimani. Mama mwenye kadi ya kliniki anakuja. Wazee wa kanisa wanakuja. Wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao huko bondeni wakipita kwenda mnadani wananisimamia mlangoni: "Shikamoo bibi, mnada kesho au keshokutwa?" Nafungua kifuniko polepole, makusudi, waone dhahabu. Nasema. Wanaondoka. Mzee wangu saa ile akaipa jina, akaiita mke mdogo. "Mke mdogo kaamkaje leo?"

Aliyekuwa hanikubali ni wifi yangu, dada yake mzee wangu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwanawe alikuwa mfanyabiashara Tunduma, akamletea saa ya mkono, plastiki nyeusi, namba zinawaka, tarehe imo. Wifi akawa anakunja mkono wa sweta kila saa, hata baridi ya Ufipa imuume.

"Wifi, tarehe ngapi?" ananiuliza huku anajua.

"Wewe si unayo?"

"Nataka nione kama ya marehemu inaendana na ya walio hai."

Ukafika mwisho wa mwezi wa pili. Asubuhi yake tuko kanisani nje, watu wengi, wifi akakunja sweta akatangaza leo tarehe ishirini na tisa. Katekista akasema, mama, mwaka huu hakuna ishirini na tisa, leo ni moja. Wifi akabisha, akaonyesha. Plastiki inasema ishirini na tisa kabisa, inawaka. Nikafungua kifuniko changu. Moja. Nikaipitisha watu wote waone. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Wifi, saa yako haijui hata mwezi wa pili! Itakupeleka mpaka tarehe arobaini!" Watu wakalichukua. Wiki nzima akipita njiani wanamuuliza, mama, leo arobaini?

Nilimwaibisha sana. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Sasa macho ya mzee wangu. Yalianza taratibu, huwezi kusema siku gani. Alikuwa akipindua matuta, jembe linaangukia pembeni. Anamimina chai nje ya kikombe, anasema kikombe kimesogea. Tukacheka kwanza. Halafu siku moja nilimkuta amesimama mlangoni, mkono ameziba jicho la kushoto, anazibua, anaziba tena. Akaniambia, "La kulia limezimika. Nilikuwa sijui. La kushoto lilikuwa linanificha."

Nesi wa zahanati akamtazama, akasema ni presha ya macho, inaua jicho kimyakimya na jicho likifa haliamki. La kulia basi. La kushoto likifanyiwa upasuaji mapema, analibakiza. Na bahati, akasema, daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni kule Sumbawanga, mwezi wa sita, siku mbili tu. Akaandika kwenye kadi: tarehe 18, tarehe 19. "Msikose, mama. Akiondoka hapa hatujui atarudi lini."

Nikamwambia nesi, "Mwanangu, mtu mwingine anaweza kukosa tarehe. Mimi?" Nikaupigapiga mfuko wangu. Akacheka.

Ile kadi niliifunga pamoja na saa kwenye kitambaa kimoja.

Mwanzoni mwa mwezi huo wa sita, jioni, tuko uani tunapepeta ulezi, mimi na wifi na mzee wangu amekaa kwenye kigoda. Upepo ule wa mwezi wa sita unakata. Jua limezama sasa hivi tu, na wifi akanyoosha kidole: mwezi umeandama. Uzi mwembamba, juu ya vilima vya magharibi. Mzee wangu akageuza kichwa huku na huku akiutafuta. "Uko wapi?" Wifi akamshika kidevu akamwelekeza. "Ah," akasema. Sijui kama aliuona.

Wifi akanigeukia mimi. "Wifi, hebu tuone wa kwenye kopo."

Nikafungua. Mwezi wangu ulikuwa umeshachomoza na kunenepa, una siku tatu. Kila mwezi ulikuwa hivyo, unautangulia wa mbinguni kwa siku mbili. Nilikuwa nimeona tangu zamani nikanyamaza. Wifi hakunyamaza.

"Mwezi wako njiti, wifi! Umezaliwa kabla ya siku! Saa inajua mwezi wa pili, haijui mwezi wa juu ya kichwa chake!"

Na mzee wangu naye akacheka. Ndicho kilichonichoma, kicheko chake. Nikasema ngoja. Nikatoa pini ya Bruda. Nikatazama juu, bado kweupe, naona punje za ulezi kwenye ungo, usiku haujaingia. Bruda alisema usiku. Niko salama.

Shida ni kwamba ule mwezi haurudi nyuma. Ukitaka kuupunguza siku mbili, inabidi uusukume mbele, uuzungushe wote mpaka ufike nyuma ya ulipokuwa. Nikaanza kubonyeza, nahesabu kwa sauti, na wifi ananihesabia kwa dhihaka kama tunatwanga. Moja. Mbili. Mwezi unanenepa. Kumi na mbili, kumi na tatu, mpevu. Unapungua. Kwenye ishirini na kitu kidogo nikasikia mlio ndani. Mdogo. Kama punje moja ya ulezi inapasuka kwenye kikaango. Nikasimama. Nikaiweka sikioni. Tik tik tik, inatembea. Nikamaliza kuhesabu. Mwezi wangu ukawa uzi, sawa na wa mbinguni.

"Haya, wifi. Njiti yuko wapi?"

Akasonya, akarudia ungo wake. Mimi nikafunga kifuniko, nimeshinda tena.

Nilikuwa nimevunja jino. Saa za mchana na usiku zinakwenda sawa, siku za wiki zinakwenda sawa, Jumapili naiona D na kengele ya kanisa inalia. Tarehe ndiyo ilikuwa inateleza. Siku nyingi inasonga, siku moja moja inabaki palepale. Na nani angeniambia? Watu wote tarehe walikuwa wanaitoa kwangu. Mimi ndiye nilikuwa naipotosha na kuigawa, na wanashukuru.

Nikafungua asubuhi moja, inasema kumi na sita. Nikamwambia mzee wangu, keshokutwa alfajiri tunapanda lori la mahindi, nimeshaongea na dereva. Akaanza kunyoosha koti lake. Ndipo wifi akaingia, na kibuyu cha togwa mkononi, akashangaa.

"Mbona mko hapa?"

"Tuwe wapi?"

"Si leo kumi na nane? Nilikuwa napita tu, nikajua nitakuta mlango umefungwa."

Alikuwa hana utani siku hiyo. Nauona uso wake mpaka kesho. Akakunja sweta, akanionyesha: 18. Nikamwambia, wifi, hiyo kitu yako. Akasema, "Niliipeleka kwa katekista, akairekebisha kwa kalenda ya ukutani, juzi juzi tu. Kaka, sikiliza. Nendeni leo. Mkifika ni mapema, mtalala kwa watu. Kuna hasara gani?"

Kuna hasara gani. Alisema hivyo. Na dereva wa lori alikuwa hajaondoka, tulikuwa tunasikia anapasha injini barabarani.

Mimi nikasema, "Plastiki iliyotupeleka ishirini na tisa ya uongo, ndiyo tuifuate na jicho la mtu?"

"Wifi, ule ulikuwa utani."

"Na huu ni utani?"

Tukamgeukia mzee wangu wote wawili. Alikuwa ameshika koti, jicho lake moja linahama kwangu, linahama kwa dada yake. Halafu akatabasamu. "Mke mdogo hajawahi kunidanganya," akasema. "Tutakwenda keshokutwa." Lori likaondoka. Nilisikia linavyobadilisha gia kwenye mlima, na nikaona nimepewa heshima yangu.

Siku mbili baadaye tulifika hospitali saa nne na nusu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamshika mkono, tukapita kwenye geti. Mabenchi matupu. Kuna sista mmoja wa hospitali anaanika mashuka.

"Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba. Tumekuja kwa daktari wa macho."

Akashusha shuka. "Mama, ameondoka. Jana jioni alimaliza."

"Hapana, mwanangu. Leo ndiyo kumi na nane, siku ya kwanza."

"Leo ishirini, mama."

Nikatoa saa. Mbele yake, na mbele ya mgonjwa mmoja aliyefungwa kitambaa jicho moja, anaota jua. Nikafungua kifuniko polepole kama ninavyofunguaga. Nikamwonyesha: kumi na nane. Akaitazama. Alikuwa na adabu. Akanishika mkono akaniingiza ofisini, akanionyesha kalenda ya ukutani, wanakata siku kwa kalamu nyekundu. Nilihesabu misalaba yote kwa kidole, kutoka moja. Nikarudia. Nilipotoka, mgonjwa yule wa nje akasema, kwa upole tu, "Bibi, mimi nimefanyiwa jana. Jana tulikuwa kumi na tisa."

Nilirudi benchini. Mzee wangu alikuwa amekaa mikono magotini, koti amefunga vifungo vyote.

"Tuko wa ngapi kwenye foleni?" akaniuliza.

Nilikaa. Nikamwambia. Akapapasa kofia yake akaivaa. "Basi tuombe maji tunywe," akasema, "turudi."

Nilitamani anipige, watoto. Hajawahi kunipiga maisha yake, siku ile ndiyo niliomba.

Sista akasema Mbeya wapo madaktari wa macho, twende haraka. Kwenda Mbeya, kukaa, kulipia upasuaji, tulikuwa hatuna cha kushika. Nikaenda kwa fundi saa pale sokoni, mzee mwenye kioo cha jicho, nikafungua kitambaa. Aliita wenzake waje waone. Hajawahi kushika kitu kama kile. Akakifungua nyuma, akachungulia muda mrefu, akaniuliza, "Mama, ulibonyeza lini?"

"Jioni. Usiku sijagusa hata siku moja. Niliapa."

"Na mishale umeiweka hivi mwenyewe?"

"Ndiyo. Saa za Kiswahili."

Akatoa kioo kwenye jicho. Akaeleza taratibu, kama mtu anayempa mtu habari ya msiba. Saa haijui jua liko wapi. Inajua mishale yake tu. Mishale ikifika kumi na mbili mara ya pili, yenyewe inasema sasa ni katikati ya usiku, inaanza kubadilisha siku. Wewe umeisogeza saa sita. Usiku wake uko kwenye jioni yako. Ulipobonyeza pale jua limezama, kwake ilikuwa usiku wa manane, magurudumu yameshikana.

Nikamuuliza kama jino linachongeka. Akasema si Sumbawanga, si Dar es Salaam. Kwao ilikotengenezwa, labda.

Ingekuwa nzima angeninunulia mtu, akasema. Imevunjika, ni dhahabu tu. Basi nikaenda kwa sonara. Alitenganisha ganda na kifuniko, akayayeyusha mbele yangu, yakawa tone. Utumbo wake akanirudishia kwenye karatasi: lile gurudumu la miaka minne, na lile dirisha lenye mwezi. Zile nne nyingine nilizitoa kwa bei ya kutupa. Ya baba ikiwemo.

Mbeya tulifika. Tulichelewa kwa kutafuta na kuuza, na siku zilikuwa zimepita nyingi. Daktari alimulika jicho la kushoto, akazima kurunzi, akaiwasha tena, akamwambia mzee wangu, "Unaona mwanga?" Mzee wangu akasema, "Wa wapi?"

Aliishi miaka mingine mingi, gizani. Hakulima tena. Alikuwa anakaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, vidole vyake vikawa vyepesi kuliko vyangu. Kicheko kilimrudia, lakini si chote. Wifi hakunisema hata siku moja. Angesema ningepumua. Alikuja jioni tuliyorudi Mbeya, akatuwekea ugali na samaki wa migebuka, akamnawisha kaka yake mikono, akaondoka.

Na kila asubuhi mzee wangu, akiamka, kabla hajauliza chai, alikuwa anauliza, "Leo tarehe ngapi?" Sijui kwa nini alitaka kujua. Sikuthubutu kumuuliza. Ninavaa kandambili, natoka, napita kwa wifi, namuuliza. Anakunja sweta, ananiambia. Narudi namwambia. Miaka yote hiyo, masika na kiangazi, nyumba ya pili tu, lakini njia ile niliijua kila jiwe.

Alipokufa, fundi wa msalaba alikuja na rangi yake nyeupe na brashi. Akaandika jina. Akaacha nafasi chini, akaniuliza, "Mama, niandike tarehe ngapi?"

Utumbo wa saa ulikuwa kwenye kopo la majani ya chai, ndani. Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa analia, akajifuta na upande wa kitenge, akakunja mkono wa sweta. Ilikuwa plastiki ya tatu au ya nne hiyo, maana zinakufa. Akasoma. Mimi nikarudia kwa fundi, neno kwa neno, akaandika.